Uingereza 1940: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ulinzi wa Anga na Uvamizi Ambao Haukufika

Wazee wetu wengi waliiita Vita Kuu ya Pili "vita vya Hitla", na walichosimulia zaidi ni Abisinia (Ethiopia ya leo), Burma na askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Kiangazi cha 1940 kule Uingereza kilitufikia vipande vipande: jina la ndege ya Spitfire, sauti ya waziri mkuu Churchill, picha za London ikiungua. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mada hii inapoguswa. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. "Mapigano ya Uingereza" ni yapi hasa?

Ni mapambano ya angani kati ya Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, na RAF, jeshi la anga la Uingereza, hasa kusini mwa Uingereza na juu ya mlango wa bahari unaoitenganisha na Ufaransa. Waingereza huyahesabu kuanzia 10 Julai hadi 31 Oktoba 1940. Jina lilitangulia mapigano yenyewe: tarehe 18 Juni, Ufaransa ikiwa inaanguka, Churchill aliliambia Bunge kwamba vita vya Ufaransa vimekwisha na anatarajia vya Uingereza kuanza.

Usiyachanganye na Blitz, yaani mabomu ya usiku juu ya miji kuanzia 7 Septemba 1940 hadi Mei 1941. Mambo haya mawili yanapishana kwa wiki kadhaa, ndiyo maana watu huyaona kama kitu kimoja. Mabomu ya mijini yana maswali yake, 16 hadi 20.

2. Kwa nini Hitler asingevuka tu bahari, kwani ni kilomita ngapi?

Pale Dover maji yana upana wa kilomita 33 hivi. Siku ya anga safi unaiona Ufaransa kwa macho. Lakini maji hayo yalikuwa na mwenyewe. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la Ujerumani, na la Ujerumani lilikuwa limetoka kuumia vibaya Norway mwezi Aprili: manowari ndogo za kusindikiza, zile ziitwazo destroya, kumi zilipotea Narvik peke yake, nusu ya zote ilizokuwa nazo.

Hesabu ya majenerali ikawa hivi: meli za Uingereza haziwezi kuzuiwa na meli zetu, basi zizuiwe na ndege. Ndege zetu hazitakuwa na nafasi ya kushughulikia meli iwapo ndege za kivita za RAF bado ziko hewani. Kwa hiyo RAF kwanza. Agizo la Hitler la 16 Julai 1940, Agizo Namba 16, lilitaka maandalizi ya uvamizi yaanze kwa jina la Seelöwe, "simba wa bahari", na kuiondoa RAF angani lilikuwa sharti la awali.

3. Mapigano yalipita hatua gani?

Julai na mwanzo wa Agosti, Wajerumani walishambulia misafara ya meli na bandari. Tarehe 13 Agosti, waliyoiita Siku ya Tai, wakageukia viwanja vya ndege na viwanda. Kuanzia 24 Agosti hadi 6 Septemba wakaviandama viwanja vya karibu na London, na hizo ndizo wiki mbili ambazo ulinzi ulikaribia kukatika pumzi. Tarehe 7 Septemba wakauhamishia moto mji wa London. Mapambano makubwa ya mchana yakafika kilele 15 Septemba, siku mbili baadaye Hitler akaahirisha uvamizi bila kutaja tarehe nyingine, na 12 Oktoba ukasogezwa hadi majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata. Mwaka huo uliofuata aliishambulia Urusi.

4. Ni kweli Uingereza ilizidiwa vibaya kwa idadi ya ndege?

Nusu kweli. Ukijumlisha ndege zote za Luftwaffe zilizopangwa dhidi ya Uingereza unapata takriban 2,500, na upande wa pili kulikuwa na ndege za kivita kama 700. Hivyo ndivyo hadithi ya Daudi na Goliathi inavyojengwa. Ila sehemu kubwa ya zile za Ujerumani zilikuwa za kubeba mabomu. Ndege ya kivita kwa ndege ya kivita, yaani Messerschmitt 109 dhidi ya Spitfire na Hurricane, pande mbili hazikuachana sana.

Tena viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatoa ndege za kivita zaidi ya 400 kwa mwezi, karibu mara mbili ya Ujerumani. Kilichoadimika ni marubani. Ndege mpya hutoka kiwandani kwa siku chache. Mtu wa kuirusha na kurudi nayo salama haundwi kwa wiki mbili.

## Macho, masikio na simu

5. Rada za wakati ule zilikuwaje?

Usifikirie sahani inayozunguka. Mtandao wa Chain Home ulikuwa safu ya minara mirefu iliyosimama wima ufukweni: ya chuma ya kurushia mawimbi, yenye urefu wa futi 360, na ya mbao ya kupokelea, yenye futi 240. Haikuzunguka wala kusogea. Ilirusha mawimbi ya redio kuelekea baharini na kusikiliza mwangwi uliorudishwa na ndege. Muda wa mwangwi kurudi ulionyesha umbali. Mwelekeo na kimo vilikadiriwa, na makadirio ya kimo ndiyo yaliyokosewa mara nyingi. Kwa ndege zinazoruka chini kabisa kulikuwa na aina ya pili, Chain Home Low.

Wazo lilithibitishwa 26 Februari 1935 karibu na Daventry, Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walipoinasa ndege kwa kutumia mawimbi ya kituo cha redio cha BBC. Miaka minne baadaye minara ilikuwa imepangwa pwani. Wajerumani nao walikuwa na rada, na kiufundi baadhi yake zilikuwa bora zaidi. Tofauti iko katika jibu linalofuata.

6. Basi ni rada iliyoiokoa Uingereza?

Rada peke yake ingekuwa kama mlinzi anayeona mwizi lakini hana wa kumwita. Kilichookoa ni kile kilichotokea baada ya rada kuona. Kwangu hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitalifuata hatua kwa hatua.

Opereta wa mnarani anaona mwangwi. Anapiga simu Bentley Priory, nyumba kubwa kaskazini-magharibi mwa London ambako Hugh Dowding, mkuu wa kamandi ya ndege za kivita tangu 1936, alikuwa na makao yake. Simu haiingii kwa Dowding. Inaingia chumba cha kuchujia. Humo taarifa za minara kadhaa kuhusu kundi lilelile la ndege zinalinganishwa, zinazopingana zinapatanishwa, na ndege za Uingereza zenyewe zinatengwa ili zisidhaniwe adui. Bila chujio hilo kundi moja lingehesabiwa mara tatu.

Habari iliyochujwa inasomwa kwa simu kwa wakati mmoja kwenye makao makuu, kwenye makundi ya mikoa na kwenye viwanja vikuu vya kila eneo. Kila mahali kuna meza kubwa yenye ramani, na wahudumu, wengi wao wasichana, wanasukuma vibao kwa fimbo ndefu kufuata adui anavyosogea. Ukutani ipo saa iliyopakwa nyekundu, njano na buluu kwa vipande vya dakika tano, na kila kibao huwekwa rangi ya dakika hizo. Kamanda akitupa jicho mezani anajua mara moja habari ipi ni mbichi na ipi imechacha. Hakuna kompyuta humo ndani, rangi tu na watu wenye nidhamu.

Kundi la 11, lililolinda London na kusini-mashariki, lilikuwa chini ya Keith Park, mzaliwa wa New Zealand, kutoka chumba cha chini ya ardhi Uxbridge. Yeye aliamua vikosi vipi vipae. Kuanzia hapo afisa wa eneo, kwa mfano Biggin Hill au Tangmere, aliwaongoza marubani kwa redio hadi wamwone adui. Kimo kilitajwa kwa lugha ya mafumbo: "malaika 15" ilimaanisha futi 15,000. Ndege zenyewe zilitoa mlio wa redio kwa sekunde 14 katika kila dakika ili vituo vya chini vijue ziko wapi.

Faida yake? RAF haikulazimika kuzungusha ndege hewani kutwa nzima, ikichoma mafuta na kuchosha watu kwa kubahatisha. Marubani walikaa kwenye viti vya turubai pembeni ya uwanja mpaka simu ilie. Muda kati ya rada kuona na mabomu kufika ulikuwa kama dakika 20, na ndege yenyewe ilihitaji sehemu kubwa ya muda huo kupanda juu. Kila dakika iliyookolewa kwenye simu ilikuwa futi elfu kadhaa za kimo.

Mfumo huu haukuzuka 1940. Mizizi yake ni 1917 na 1918, ndege za mabomu za Kijerumani aina ya Gotha zilipoipiga London na Jenerali Edward Ashmore akaiwekea mtandao wa watazamaji, simu na meza ya ramani. Dowding aliongeza rada juu ya msingi uliokuwapo.

7. Rada zilitazama baharini. Adui akishaingia nchi kavu, nani alimfuatilia?

Watu kwa macho na masikio. Kikosi cha watazamaji kilikuwa na raia wa kujitolea wapatao 30,000 katika vituo karibu 1,000, juu ya vilima na mapaa, wakiwa na darubini, kifaa rahisi cha kupimia pembe, simu na birika la chai. Siku ya mawingu mazito walibaki na masikio tu, na hapo mfumo mzima ulipungukiwa.

8. Kwa nini Wajerumani hawakuivunja minara hiyo ya rada?

Walijaribu. Tarehe 12 Agosti walipiga vituo kadhaa, na cha Ventnor kwenye Kisiwa cha Wight kikanyamaza. Lakini mnara wa vyuma vilivyopishana hauanguki kirahisi, kwa kuwa upepo wa bomu hupita katikati yake. Vituo vingine vilirudi kazini upesi, na pengo la Ventnor lilifichwa kwa mawimbi ya bandia ili adui asikie kwamba bado kipo hai.

Tarehe 15 Agosti Göring, mkuu wa Luftwaffe, alitilia shaka haja ya kuendelea, kwa hoja kwamba hakuna kituo kilichokuwa kimezimwa. Ni kosa kubwa, ila linaeleweka. Idara yao ya upelelezi haikuelewa kwamba simu na meza za ramani zimefungamanishwa na minara ile. Ilidhani kila uwanja unaendesha ndege zake kivyake.

9. Mizinga na maputo yalisaidia kitu?

Mizinga ya kutungulia ndege, chini ya Jenerali Frederick Pile, iliangusha ndege chache mwaka 1940, hasa usiku. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwalazimisha wapiga mabomu wapande juu na wakose shabaha. Maputo makubwa yaliyofungwa kwa nyaya za chuma yalifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine: hakuna rubani anayetaka kushuka chini mahali penye nyaya asizoziona. Na raia waliokuwa mahandakini walisema wazi kwamba kelele za mizinga yao wenyewe ziliwapa moyo, hata kama haikupiga kitu.

## Ndege na watu wake

10. Spitfire au Hurricane, ipi ilishinda?

Spitfire imechukua sifa, Hurricane ilichukua kazi. Hurricane zilikuwa nyingi zaidi na ziliangusha ndege nyingi zaidi. Kiunzi chake cha nyuma kilivikwa kitambaa, kwa hiyo risasi zilipita na fundi akaweka kiraka, ndege ikarudi hewani. Spitfire ilikuwa na kasi zaidi na ndiyo iliyoweza kukabiliana na Messerschmitt 109 kwa usawa. Pale ilipowezekana, Spitfire zilishikana na ndege za kusindikiza na Hurricane zikawaendea wapiga mabomu.

Zote mbili zilitumia injini ya Merlin ya Rolls-Royce na bunduki nane za mbawani, zenye risasi za kutosha kufyatua kwa sekunde 15 hivi. Ndiyo, sekunde.

Merlin ilikuwa na udhaifu mmoja mashuhuri: ukiisukuma pua chini ghafla, kabureta ilikosa mafuta na injini ikakohoa. Injini ya 109 ilipulizia mafuta moja kwa moja, hivyo Mjerumani aliyebanwa alipiga mbizi tu na kuponyoka.

11. Kama 109 ilikuwa nzuri hivyo, ilishindwa wapi?

Tangi la mafuta. Ikitoka Ufaransa hadi London ilibaki na dakika kama kumi za kupigana, kisha rubani aligeuza au aliishia majini. Ndege za mabomu zilizoachwa bila walinzi ziligeuka mawindo. Stuka, ndege ya mabomu iliyotisha Poland na Ufaransa kwa king'ora chake, ilipata hasara kubwa kiasi kwamba baada ya 18 Agosti iliondolewa kwa kiasi kikubwa kwenye mapigano haya.

Kupigana nyumbani kuna faida. Mwingereza aliyeruka na mwavuli akiwa mzima aliweza kurudi kikosini jioni hiyohiyo. Mjerumani aliyeruka palepale alikwenda kambi ya mateka hadi mwisho wa vita.

12. Marubani wote walikuwa Waingereza? Na Waafrika je?

Wapiganaji wa anga walioshiriki walikuwa karibu 3,000, na 544 walikufa katika miezi hiyo. Takriban mmoja kati ya watano alitoka nje ya Uingereza: Wapoland 145, watu wa New Zealand, Wakanada, Wacheki, Waaustralia, Wabelgiji, Wafaransa na wengine. Kikosi namba 303 cha Wapoland kiliingia vitani mwisho wa Agosti kutoka Northolt na kwa muda wa wiki sita kikadai ndege 126, idadi kubwa kuliko kikosi chochote cha Hurricane. Aliyetungua nyingi zaidi kikosini humo, Josef František, hakuwa Mpoland bali Mcheki.

Kutoka Afrika walikuwapo wazungu wa Afrika Kusini na wachache wa Rhodesia Kusini. Adolph Malan, aliyeitwa "Sailor" kwa kuwa aliwahi kuwa baharia, aliongoza kikosi namba 74, na Quintin Brand aliongoza Kundi la 10 la kusini-magharibi. Waafrika weusi walikuwa wamefungiwa mlango. Kanuni iliyotaka maafisa wawe na asili ya Ulaya iliondolewa Oktoba 1939, kwa muda wa vita tu, na mafunzo ya urubani huchukua miezi mingi, kwa hiyo wale wa makoloni walianza kuonekana angani baadaye.

13. Wanawake walifanya nini zaidi ya kusukuma vibao?

Walisoma rada, waliendesha mitambo ya simu, walikarabati ndege, na marubani wa kike wa huduma ya usafirishaji walipeleka ndege mpya kutoka viwandani. Viwanja vya ndege vilipopigwa hawakuwa nyuma ya vita. Biggin Hill, iliyoshambuliwa tena na tena, wasichana watatu, sajini Joan Mortimer, sajini Helen Turner na koplo Elspeth Henderson, walipewa nishani ya ushujaa. Wawili kati yao walibaki kwenye simu jengo likipigwa, kwa kuwa bila simu, kama jibu la 6 linavyoonyesha, kiwanja kizima ni kipofu.

14. Ugomvi wa makamanda ulihusu nini?

Park alipeleka vikosi kimoja kimoja au viwili viwili, ili adui avurugwe kabla hajafika shabaha. Trafford Leigh-Mallory wa Kundi la 12, kaskazini ya London, pamoja na Douglas Bader, rubani asiye na miguu miwili, walitaka vikosi vitatu hadi vitano vikusanyike kwanza ndipo viende kwa kishindo. Hoja yao ilivutia wakubwa. Tatizo ni kwamba kukusanyika kulikula dakika ambazo Park, aliye karibu na pwani, hakuwa nazo. Kwa mtazamo wangu Park alikuwa sahihi, lakini mshindi wa mapigano si lazima ashinde ofisini: Novemba 1940 Dowding aliondolewa, Desemba Park akafuata, na nafasi ya Park akapewa Leigh-Mallory.

## Uvamizi wenyewe

15. Wajerumani wangevuka kwa vyombo gani, na wangefaulu?

Kwa matishari. Walikusanya yapatayo 2,400 kutoka mto Rhine na mifereji ya Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, vyombo vya kubebea makaa na nafaka kwenye maji tulivu. Vingi havikuwa na injini, kwa hiyo vingevutwa na tagi viwili viwili, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, usiku, kukata mkondo mkali wa bahari. Mpango ulihesabu pia maelfu ya farasi.

Aliyekulia pwani ataona tatizo la pili bila kuelezwa. Tishari linatakiwa kukwama ufukweni maji yakianza kupwa, alfajiri, baada ya usiku wenye mwezi wa kutosha kuona njia. Bamvua na maji mafu hayaulizi jenerali anataka lini. Siku zinazofaa katika Septemba zilikuwa chache, na baada yake zinakuja dhoruba za vuli. Kila tarehe iliposogezwa, dirisha lilizidi kufungwa. Wakati huohuo ndege za mabomu za RAF zilikwenda usiku kuyapiga matishari bandarini, na hadi 21 Septemba zaidi ya 200 yalikuwa yamezama au kuharibika.

Wangefaulu? Mwaka 1974 chuo cha kijeshi cha Sandhurst kiliendesha mchezo wa kivita juu ya mpango huu, na maafisa wa zamani wa pande zote mbili wakiwa waamuzi, akiwemo rubani mashuhuri Adolf Galland. Kundi la kwanza la Wajerumani lilifika nchi kavu. Kisha manowari zikaingia, njia ya baharini ikakatwa, na waliobaki wakaishiwa. Naliamini hilo kuliko simulizi ya kwamba taifa lilining'inia kwa uzi wa marubani peke yao. Hata RAF ingesukumwa kaskazini, bado kungekuwa na usiku, na manowari hufanya kazi usiku.

Wapo wanaosema Hitler hakukusudia kabisa, alitaka kutisha tu ili Uingereza ikubali mazungumzo. Shaka alikuwa nayo, na mkuu wake wa majini, Erich Raeder, alikuwa nayo zaidi. Lakini mtu hakusanyi matishari 2,400 na kulemaza usafiri wa mito ya nchi yake kwa ajili ya kutishia tu.

Nchi kavu walijiandaa vipi?

(Swali hili ni mkia wa lililotangulia, halina namba.) Tarehe 14 Mei Anthony Eden alitangaza redioni wito wa walinzi wa kujitolea, na hadi mwisho wa Julai karibu watu milioni moja na nusu walikuwa wamejiandikisha, wengi wakianza na bunduki za kuwindia ndege wa porini. Vibao vya barabarani viling'olewa ili mvamizi apotee njia. Wenyeji ndio walioanza kupotea. Fukwe zilitegwa mabomu na kuzungushiwa vyuma, magari mabovu yakatawanywa mashambani kuzuia ndege zisizo na injini zisitue. Kengele za makanisa zilinyamazishwa, zilie tu kama adui ametua.

Usiku wa 7 Septemba neno la siri "Cromwell" lilitumwa, likimaanisha uvamizi unaweza kuwa karibu. Baadhi ya sehemu zilidhani umekwishaanza na zikapiga kengele. Baada ya hapo hazikulia kihalali hadi Novemba 1942, kushangilia ushindi wa El Alamein.

## Miji chini ya mabomu

16. Kwa nini Luftwaffe iliacha viwanja vya ndege na kuipiga London?

Usiku wa 24 Agosti mabomu yaliangukia London bila kukusudiwa. Usiku uliofuata RAF ilipiga Berlin, na Septemba 4 Hitler aliahidi hadharani kulipiza. Hiyo ni sehemu. Sehemu nyingine ni hesabu mbovu: upelelezi wa Ujerumani uliamini RAF imebakiwa na ndege chache mno, na kwamba kuigusa London kutazilazimisha zitoke zote zimalizwe. Tarehe 7 Septemba, saa kumi na moja jioni, mamia ya ndege yalifika juu ya magati ya mashariki mwa mji na moto ukawaongoza wenzao waliokuja usiku. Kwa wakazi wa East End ilikuwa jehanamu. Kwa viwanja vya Park ilikuwa nafasi ya kufukia mashimo.

17. Ni kweli Waingereza walitungua ndege 185 siku moja?

Ndivyo redio ilivyosema kuhusu 15 Septemba. Idadi halisi ilikuwa kama 60, na RAF ilipoteza chini ya 30. Si lazima uwe uongo: marubani watatu wakiifyatulia ndege moja ndani ya sekunde chache, kila mmoja huiona yake. Pande zote zilizidisha, ila Wajerumani ndio walioumizwa zaidi na hesabu zao, maana walipanga vita kwa kuziamini. Kwa miezi yote, Luftwaffe ilipoteza takriban ndege 1,700, RAF kiasi cha 1,000.

Siku hiyohiyo Churchill alikuwa Uxbridge akitazama meza ya ramani. Alipomwuliza Park ana akiba gani, aliambiwa hakuna.

18. Mfumo uliofanya kazi mchana, mbona usiku ulishindwa?

Rada ya pwani ilimfikisha rubani karibu na adui. Maili chache za mwisho zilikuwa za macho. Usiku macho hayana kazi. Ndiyo maana London ilipigwa usiku 57 mfululizo bila wapiga mabomu kupata hasara kubwa. Adui, yeye, alielekezwa kwa miale ya redio: rubani alisikia nukta upande mmoja, vistari upande wa pili, na mlio usiokatika akiwa katikati ya njia. Mwanasayansi kijana R. V. Jones aliigundua miale hiyo Juni 1940 na Waingereza wakaanza kuivuruga.

Nafuu ya kweli ilikuja mwanzoni mwa 1941, ndege za Beaufighter zilipowekewa rada ndogo ndani. Magazeti yalidai kwamba rubani John Cunningham anaona gizani kwa sababu ya karoti. Karoti zilikuwa tele nchini na rada ilikuwa siri, kwa hiyo hadithi ilimfaa kila mtu. Ukisikia mzazi anamshawishi mtoto kwa maneno hayo leo, ujue yametokea wapi.

19. Churchill aliuacha mji wa Coventry uungue ili kuficha siri kwamba Enigma, mashine ya mafumbo ya Wajerumani, imevunjwa?

Hapana. Ujumbe ulionaswa ulionyesha shambulio kubwa linakuja, na Churchill alidhani ni London. Jioni ya 14 Novemba 1940 aliahirisha safari na kurudi mjini. Mwelekeo wa miale uliposomwa alasiri, vifaa vya kuivuruga viliwekwa kwenye mlio usio sahihi. Zaidi ya watu 500 walikufa. Ni kosa la kiufundi, na makosa ya kiufundi hayanogi kama njama.

20. Raia walijificha wapi?

Wenye bustani walipewa mabati yaliyopinda ya kufukia nusu ardhini, bure kwa familia zenye kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka. Kwenye vyumba vya kupanga vya East End bustani hazikuwapo. Serikali ilikuwa haitaki watu walale kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Watu wakanunua tiketi, wakashuka, wakagoma kutoka. Mwisho wa Septemba walifika 177,000 kwa usiku mmoja. Hata huko si kila mahali palikuwa salama: Oktoba bomu lilipenya barabara juu ya kituo cha Balham na kuua watu zaidi ya 60.

Jumla ya raia waliokufa hadi Mei 1941 inazidi 40,000.

## Upande wetu wa dunia

21. Afrika Mashariki ilihusika vipi na hatari kama hii?

Italia iliingia vitani 10 Juni 1940 ikiwa inashikilia Abisinia, Eritrea na Somalia. Julai askari wa Keya waliondoka Moyale baada ya kuzingirwa, na mwaka huohuo ndege za Kitaliani zilidondosha mabomu Malindi, mji ambao haukuwa na minara wala meza ya ramani.

Tishio la baharini lilikuja 1942. Ndege za Japani zilipoipiga Colombo mwezi Aprili, meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zilirudishwa nyuma hadi Kilindini. Wavunja siri waliofuatana nazo walihamia Mombasa na kufanya kazi katika shule ya Allidina Visram, wakisikiliza mawasiliano ya Wajapani. Kwa hofu kwamba Japani ingeitumia Madagaska, Waingereza waliishambulia wao kwanza mwezi Mei, kwa kushusha askari Diego Suarez. Brigedi ya Afrika Mashariki iliingia kisiwani humo baadaye mwaka huo. Safari hii waliovuka bahari na kutua ufukweni alfajiri walikuwa ni upande uliokuwa ukiyaogopa matishari miaka miwili kabla.